Hukumu Iliyoliwa na Betri

Kabla ya kituo cha KTN kuanza mwaka 1990, Mkenya mwenye runinga alikuwa na uhuru kamili wa kuchagua: atazame kituo cha taifa au azime. Kijijini kwetu uhuru huo ulikuwa wa Mwalimu peke yake. Runinga ilikuwa yake, na betri ya gari iliyoiendesha ilikuwa yake pia, ingawa gari lenyewe hakuwa nalo. Sisi tulikuwa waalikwa tu, na kadi ya mwaliko ilikuwa miguu iliyooshwa. Mkewe alikaa mlangoni akikagua vidole kimoja kimoja.

Mwalimu aliamini betri ni ya taarifa ya habari. Sisi tuliamini ni ya Mzee Ojwang' na Mama Kayai wakizozana katika mchezo wa kuchekesha wa Vitimbi. Kwa hiyo tulivumilia habari za saa moja, Rais akipokewa na kwaya hapa, akiagwa na kwaya pale, huku kila mmoja akihesabu moyoni umeme unaoteketea.

Vioja Mahakamani, mchezo mwingine wa kuchekesha, ilitutatiza kisheria. Makokha, Ondiek au Masanduku arap Simiti alifungwa wiki hii, na wiki iliyofuata yuko kizimbani tena, kosa jipya, uongo mpya. Nilipouliza ametokaje jela, mjomba alijibu bila kusita: "Msamaha wa Rais." Kesi ikaishia hapo.

Jioni moja, kesi ya kuku ikiwa imepamba moto, betri ikaanza kuchoka. Runinga za enzi hizo hazikuzimika ghafla. Picha ilisinyaa kutoka pembeni. Kiongozi wa mashtaka akakonda. Hakimu akafupika. "Haki inapungua," nyanya akasema. Hakimu alipofungua kinywa kutoa hukumu, mahakama nzima ilikuwa na upana wa kiberiti. Kisha giza.

Hakuna aliyeinuka. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa amezoea mamlaka, akatoa hukumu mwenyewe: miezi sita na kazi ngumu. Nyanya akakata rufaa papo hapo, eti mshtakiwa ana watoto. Mjomba akadai kuku naye aitwe kutoa ushahidi. Tulicheka hadi mke wa Mwalimu akaja na koroboi kuhakikisha viti vyake vingali na miguu minne.

Kesho yake shuleni, mvulana mmoja wa kule sokoni, ambako kulikuwa na stima, akatuambia kwamba mshtakiwa aliachiliwa huru. Tulimhurumia. Maskini, hakuwa ameona vizuri.

Siku hizi vipande vya michezo hiyo viko kwenye intaneti, picha nzima, na stima haikatiki ila ikipenda. Nimemtazama tena Mzee Ojwang' na kumstaajabia kuliko nilivyofanya utotoni. Kiswahili kile chenye lafudhi ya Kijaluo isiyo na doa kilitoka kinywani mwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Alipofariki mwaka 2015 na magazeti kuandika jina lake halisi, mzee mmoja wa kwetu alikataa katakata. Alisema ukoo wa Ojwang' anaujua vizuri, uko Siaya, na amewahi kula kwao. Kuhusu waandishi wa magazeti, alisema huenda betri iliwaishia kabla ya mwisho.