Maji ya Bomba kwa Chambo

Sangara wa Ziwa Victoria ni bwana mkubwa. Alipandikizwa humu miaka ya 1950 na 1960, akawafakamia furu mpaka aina nyingi zikatoweka, na leo ukitaka kumnasa kwa ndoano inafaa umpelekee chakula kikiwa hai, kinachezesha mkia. Kilichokufa hukipitia mbali kama mtoto aliyewekewa kiporo cha ugali mbele yake. Wavuvi wa ndoano hapa Mwanza wanazijua tabia zake, ndiyo maana alfajiri utawakuta mwaloni wanagombea vitoto vya kambale.

Wao wana mitumbwi ya mbao yenye nafasi ya ndoo, dumu, nyavu na mtu wa kuchota maji. Mimi nina kayaki. Niliinunua kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao, plastiki tupu, rangi ya chungwa, kiti kimoja. Mwaloni wanaiita beseni. "Beseni limefika!" wanasema watoto, na kazi zote zinasimama watu watazame.

Taabu ya beseni ni chambo. Furu ninaowanunua kwa watoto walikuwa wanaingia kwenye ndoo wakiwa wachangamfu, na kabla sijafika kwenye miamba ninapovulia wamekwisha kulala chali. Si uchawi. Maji ya nyuzi 25 hayabebi hata miligramu tisa za oksijeni kwa lita, na huku kwetu, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, yanabeba pungufu ya hapo. Ongeza jua, ongeza kinyesi chao wenyewe, basi. Dawa yake ni kuyabadilisha maji muda wote: pampu inayavuta kutoka ziwani, bomba linayapandisha, yanamwagikia kwenye ndoo, yanayozidi yanatokea tundu la juu. Ndoo iwe ya mviringo, maana kwenye pembe samaki hurundikana na kujichubua pua. Kwenye karatasi ilichukua mistari minne na mshale.

Ndoo nilipata ya rangi, lita 20, nikaisugua mpaka mikono ikapauka. Bomba la nusu inchi, elbo mbili na gundi nikatoa kwa fundi bomba. Betri ya pikipiki. Ikabaki pampu, na hapo fundi wa bodaboda akanishika bega akanionyesha kidude cheusi, kile kinachorusha maji kwenye kioo cha gari. "Bosi, hii ni ya Mjapani. Haifi."

Nami nakubali kwamba haifi, mradi uiwashe sekunde tano uizime, maana ndiyo kazi iliyotengenezewa. Kuisukumiza itoe maji mfululizo ni jambo ambalo Mjapani hakuliwazia. Ilitoa mlio wa mbu, kisha harufu, kisha ikanyamaza, na furu wakatazamana. Nikaenda kununua pampu ya kweli, ya kutolea maji kwenye boti. Bei yake ninayo moyoni, na mke wangu anayo nyingine niliyomtajia.

Niliifanyia majaribio uani. Wiki hiyo mtaa wetu ulikuwa kwenye mgao, bomba linakohoa tu, na ndoo zote za nyumbani zimepangwa foleni mlangoni. Mama watoto akatoka na sufuria mkononi, akasimama. Mbele yake furu walikuwa wanazunguka kwa raha kwenye pipa la maji ya mvua, maji yanawamwagikia kichwani, safi, mchana na usiku, umeme wao wenyewe.

"Baba," akasema, "na sisi tukijaza fomu wapi tunapewa hiyo huduma?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Alichota sufuria yake humo humo akaondoka, na kwa maoni yangu furu wawili aliowachota walirudishwa bila heshima.

Ziwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Lita 20 ni kilo 20, na kilo 20 zinazochezacheza nyuma ya kiti zina maamuzi yake. Ukiinama kulia, maji yanainama kulia zaidi. Ukijirudisha, yenyewe bado yako kulia, yanamalizia. Tundu la kutolea maji nilikuwa nimelielekeza nyuma kwa hesabu nzuri, ila kayaki ikiinamisha pua, nyuma inakuwa mbele, na mkondo mzima ukawa unashuka mgongoni kwangu hadi kwenye kiti. Nilivua asubuhi nzima nikiwa nimekalia maji ya ziwa juu ya maji ya ziwa. Ufukweni walishangilia.

Lakini chambo waliishi! Hilo lisipuuzwe. Waliishi vizuri kiasi kwamba siku nyingine nikawaongezea wenzao, vitoto vya kambale, nikafunika, nikaondoka kwa fahari ya mwenye hoteli. Nilipofunua kwenye miamba, furu walikuwa wachache na kambale walikuwa wanene. Nilipofunua tena, furu hawakuwapo, na kambale walikuwa pungufu pia, maana kambale mkubwa hamwonei haya kambale mdogo. Aliyebaki wa mwisho alikuwa na tumbo na utulivu wa diwani. Huyo hakuingia kwenye ndoano kirahisi. Alinichana kidole kwa mwiba wa ubavuni, akaruka, akaenda zake.

Nikaweka waya katikati ya ndoo, kambale huku, furu kule. Mzee mmoja wa mwaloni, ambaye amevua ziwa hili tangu kabla sijazaliwa, akaja kuichungulia. Aligusa pampu, akafuata bomba kwa kidole, akasikiliza betri.

"Kijana wangu, hawa kambale unawapulizia nini? Wanapanda juu wanavuta hewa wenyewe."

"Pampu ni ya furu, mzee."

"Mimi situmii furu." Akafikiri. "Nitengenezee kama hiki. Ila toa pampu. Na betri. Na hili bomba. Na waya."

"Mzee, hiyo inabaki ndoo."

"Ndiyo hiyo. Bei gani?"