Kiatu Si Ngoma

Viatu vingi vya ngozi mjini Bariadi haviuawi na mvua, bali na huruma ya mwenyewe baada ya mvua. Msimu ukianza, Oktoba au Novemba, udongo mweusi wa mbuga, huo huo unaostawisha pamba ya Simiyu, hulowa ukawa gundi. Mtu hutoka nyumbani na viatu namba 41 akafika mnadani na namba 45, tofauti yote ikiwa ni tope. Usiku huvipanga kando ya jiko la mkaa vikauke. Asubuhi pua zimeinuka kama zinanusa uji wa jirani.

Kosa hili lina asili ya heshima. Usukumani kila mtu anajua kuwa ngoma iliyolegea hupashwa moto, hasa makundi pinzani ya wachezaji ngoma, Bagika na Bagalu, yanapojiandaa kushindana. Ila ngozi ya ngoma ni mbichi: imewambwa ikakaushwa, basi. Maji yakiitoka hukaza, na kukaza ndiyo kazi yake. Ngozi ya kiatu imesindikwa, ama kwa magome ya miti kama muwati ama kwa chumvi za kromiamu, kisha ikalishwa mafuta ili nyuzinyuzi zake ziteleze. Ikikaushwa kwa moto nyuzinyuzi hizo hugandana, na kiatu kikikunjwa hupasuka. Ngozi mbichi iliyolowa hunywea kwenye joto la sentigredi 65 hivi. Iliyosindikwa kwa magome hufika 70 hadi 85. Ya kromiamu iliyosindikwa vizuri hustahimili hata maji yanayochemka. Asijitape mwenye kiatu cha kromiamu, maana gundi ya soli husalimu amri mapema zaidi.

Dawa ni uvivu wenye mpango. Tope hukwanguliwa kwa kijiti lingali laini, kiatu kikafutwa kwa kitambaa chenye unyevu (kukosa kitambaa cha pamba katika mkoa huu ni uzembe wa hali ya juu), kikajazwa magazeti makavu na kuachwa kivulini penye upepo. Magazeti yakilowa hubadilishwa. Atakayevitaka viatu kesho yake asubuhi avae kandambili.

Koti la ngozi la mtumba la dereva wa bodaboda lina adui mwingine: beseni. Mtu mwenye nia njema hulitumbukiza pamoja na mashuka, akamwaga sabuni ya unga. Sabuni hiyo kali hunyonya mafuta ya ngozi na kuondoka na rangi. Mashuka hutoka na ramani ya Ziwa Victoria, na koti likishaanikwa juani humtosha mtoto wa darasa la tatu. Koti la ngozi hufutwa tu, kwa kitambaa kilichokamuliwa na povu kidogo la sabuni laini, halafu hutundikwa kwenye hanga pana. Msumari ukutani huliotesha nundu mgongoni, na nundu hiyo haipigwi pasi.

Kupaka ndiko kwenye ubunifu mwingi kuliko maarifa. Kiwi, iliyoanza kuuzwa Melbourne, Australia, mwaka 1906, ni nta: hung'arisha na kuzuia maji kiasi, lakini ngozi iliyokauka huhitaji kwanza mafuta yake maalumu, yapakwe kidogo na kuachwa yanywewe. Mafuta ya kula ya pamba au alizeti, ambayo Simiyu haiyakosi, huchacha na kunata, yakakusanya vumbi lote la njiani. Samli hulainisha kweli. Mpakaji atasindikizwa kanisani na mbwa wa mtaa mzima, na usiku panya watamalizia soli.

Yapo pia makoti na viatu visivyopata kuwa ng'ombe hata siku moja. Ngozi bandia ni plastiki juu ya kitambaa. Ikizeeka hubambuka magamba, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Fundi viatu akigeuza ukingo na kuona kitambaa, hurudisha brashi sandukuni na kutaja bei ya jozi nyingine.