RAM Mpya, Balaa Jipya

Duka moja la vifaa vya ujenzi huku Changamwe lilikuwa na kompyuta kuukuu yenye kukohoa. Hata hivyo, kila mwisho wa mwezi ilisoma maelfu ya faili za risiti na kutoa hesabu. Programu aliiandika mpwa wangu, kwa Java 8. Mwenye duka, mzee anayeamini kila kilicho kipya, akanunua mashine yenye RAM tele. Programu ikafa kabla chai haijapoa: faili zilizo wazi zimezidi.

"Kijana, mpya yashindwa na kuukuu?"

Mpwa wangu akaagiza RAM zaidi. Ikafa tena.

Simu yake ilinikuta kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mkokoteni wa viazi na kuku wasio na adabu.

"Shikamoo mjomba. Java si ina mzoa taka wake? Mbona hafungi faili?"

"Marahaba. Huyo huzoa taka za kumbukumbu tu. Sufuria za harusi ulizokodi, uzirudishe mwenyewe."

Mzoa taka huja nafasi inapobana. Kwenye mashine kuukuu ilibana kila mara, basi alipita mara kwa mara, na kila alipokuta faili iliyosahauliwa, ikafungwa njiani. Kwenye mpya nafasi ni bwerere. Aje kufanya nini? Faili zikabaki wazi, zikarundikana. Na Linux haikuulizi una RAM kiasi gani, inahesabu faili: kwa kawaida huanzia 1024 kwa programu moja, ingawa Java hujipandishia hadi kikomo cha juu inachoruhusiwa. Kwa hiyo kila RAM iliyoongezwa ilimpa mzoa taka likizo ndefu zaidi.

Wenye Java wenyewe walichoshwa na ufungaji huu wa kubahatisha. Mwaka 2017, katika Java 9, waliwashauri watu waachane na finalize, njia iliyofanya ufungaji huo. Kuandika close mwishoni nako hakutoshi, maana risiti moja mbovu ikizua kosa, programu huruka mstari huo. Dawa iko tangu Java 7 ya 2011: fungua faili ndani ya mabano ya try, nayo hufungwa ukitoka, kuwe na kosa kusiwe. Python ina with, Go ina defer.

Mpwa wangu alirekebisha mstari mmoja, na sasa hesabu inakamilika hata kwenye ile mpya. Muuzaji wa RAM amekataa kurudisha pesa.