Waheshimiwa, Niazimeni Mkasi

Kwa Spika na Waheshimiwa Wabunge,
Bunge la Jamhuri ya Uganda,
Kampala.

YAH: OMBI LA KUAZIMWA MKASI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, jirani yenu wa upande wa Kagera, si mbali na Mutukula. Nawaandikia kwa Kiswahili bila kuomba radhi, kwa kuwa katiba yenu inakitambua kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005. Marekebisho yale nayakumbuka vizuri: sheria ile ile iliyoingiza Kiswahili ndiyo iliyotoa kikomo cha mihula miwili ya urais. Kiswahili hadi leo bado kinatafutiwa walimu. Kikomo kiliondoka mara moja, hakikusahau hata kandambili.

Sasa shida yangu. Nilipotimiza miaka 60 niliambiwa basi. Hakuna aliyeuliza kama magoti yananiuma au kama bado naweza kufundisha kugawanya kwa desimali. Utumishi wa umma kwetu ni 55 kwa hiari na 60 kwa lazima, na faili langu lilikuwa likiijua tarehe yangu ya kuzaliwa kuliko marehemu mama yangu alivyoijua. Nikakabidhi rejista, chaki na ufunguo wa kabati. Wenzangu wakachanga wakaninunulia saa ya ukutani. Mtu hana tena pa kuwahi, anapewa saa.

Kiinua mgongo kilipochelewa nikaenda kuomba kazi ya ulinzi wa usiku kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Kijana wa ofisini, rika la kitinda mimba wangu, akanipa orodha: barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini wawili, picha za pasipoti na cheti cha daktari. Nikapimwa presha, sukari, mkojo na kifua. Nikasimamishwa kwenye utepe uliobandikwa sakafuni, nikaziba jicho la kushoto kwa kiganja, nikasoma herufi za ukutani. Kwenye mstari wa tatu kutoka chini E nikaiita F. Nilipopeleka cheti, yule kijana alikisoma taratibu, akafunga faili, akasimama. "Shikamoo mzee," akasema, "kazi hii ni ya usiku." Tangu nizaliwe ilikuwa mara yangu ya kwanza kufukuzwa kwa shikamoo.

Hayo yote, waheshimiwa, ni kwa ajili ya kulinda saruji.

Nikarudi nyumbani nikasoma masharti ya kugombea urais kwenu. Mgombea awe raia kwa kuzaliwa. Awe na elimu ya kidato cha sita au inayolingana nayo. Alipe shilingi milioni 20 za Uganda. Alete saini za wapiga kura wasiopungua 100 kutoka kila wilaya, katika theluthi mbili ya wilaya zote. Nikatafuta mahali palipoandikwa presha. Nikageuza karatasi, nyuma palikuwa peupe.

Zamani palikuwa na kitu, nakiri. Ibara ya 102(b) ilisema mgombea asipungue miaka 35 wala asizidi 75. Kilikuwa kipimo cha kienyeji, sawa na kile kilichonitoa mimi darasani, lakini kilikuwa kipimo, na hakikumjua mtu kwa jina. Septemba 2017 hoja ya kukiondoa ilipofika mbele yenu, viti viliruka, stendi za vipaza sauti zikageuka rungu, na watu wa usalama waliovaa kiraia wakaingia ukumbini kuwabeba wapinzani mikono na miguu kama magunia ya kahawa. Mitaani watu walifunga vitambaa vyekundu na kusema *Togikwatako*, yaani usiiguse. Mkapewa shilingi milioni 29 kila mmoja mwende mkasikilize wananchi. (Mimi nimesikiliza watoto wa darasa la nne kwa zaidi ya miaka 30 bila posho. Nadhani ndiyo maana sikusikia vizuri.) Desemba 20 mkapiga kura: ndiyo 317, hapana 97. Ikaguswa.

Hoja yenu ilinifurahisha. Mlisema kikomo cha umri ni ubaguzi, na ili kuonyesha kwamba hamumtazami mtu mmoja, mkaondoa na ile 35 ya chini. Leo kijana wa miaka 18 anaruhusiwa kugombea urais wa Uganda. Bado namsubiri, yeye na milioni 20 zake.

Na kwa kuwa mkasi ulikuwa tayari mkononi, mkajikatia na ninyi kipande kidogo: muhula wa mbunge kutoka miaka mitano hadi saba. Hapo ndipo nilipojua nina ndugu Kampala. Bahati mbaya, Julai 2018 Mahakama ya Katiba iliketi Mbale ikawarudisha kwenye mitano, lakini kile cha umri ikakiacha kilivyokatwa, na Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakubali, majaji wanne kwa watatu. Poleni. Hata fundi cherehani humwonea wivu mteja aliyemshonea suti.

Tarehe za mwaka ule wa kura nazo zina kichekesho chake. Novemba 21, 2017 Robert Mugabe alijiuzulu akiwa na miaka 93, askari wakiwa tayari barabarani. Ninyi mlipiga kura hata mwezi haujatimia. Nadhani habari za Harare ziliwafikia. Labda mlizisoma mkadhani ni tangazo la kazi. Mzee yule, Septemba 2015, alisimama bungeni akasoma hotuba ile ile aliyoisoma Agosti, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka mwisho, hakuna aliyemnyang'anya makaratasi. Mwaka 2017 watu waliponong'ona kwamba anasinzia mikutanoni, msemaji wake alieleza kwamba halali, ila anayapumzisha macho kwa sababu ya mwanga mkali. Maelezo hayo nimeyahifadhi. Ningekuwa nayo siku ile ya herufi E, leo ningekuwa mlinzi.

Rais wenu tunamfahamu sisi watu wa upande huu. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akamaliza mwaka 1970. Mwaka 2012 aliwahi kusema kwenye televisheni kwamba baada ya miaka 75 nguvu za mtu hupungua, na kwamba yeye hatavuka hapo. Kisha ikafika Aprili 2020, wakati wa korona, watu wamefungiwa ndani. Akatoa video: yuko ofisini, peku, amevaa nguo za mazoezi, anakimbia kuzunguka chumba, halafu analala kifudifudi juu ya zulia na kupiga pushapu 30. Umri wake siku hiyo: 75. Waheshimiwa, hicho ndicho cheti cha daktari pekee nilichokiona, na nimekiona kwenye simu ya mjukuu wangu. Januari 2026 aligombea tena akiwa na 81, akatangazwa mshindi, na mwezi huo huo akatimiza miaka 40 madarakani. Vijana anawaita *bazzukulu*, wajukuu. Anasema kweli tupu: Waganda wengi wamezaliwa baada ya yeye kuingia Ikulu. Mpinzani wake mkubwa, Bobi Wine, alizaliwa 1982. Mzee anashika nchi, mtoto hajaanza hata chekechea.

Msije mkasema nawachukia wazee. Mimi mwenyewe ni mzee, na nyumba hii ina watu watatu wanaosubiri nife waigawane. Mwai Kibaki aliapishwa Desemba 2002 akiwa na miaka 71, ameketi kwenye kiti cha magurudumu kutokana na ajali ya gari, na hakuna aliyesema hafai. Mandela aliingia Ikulu na 75 yake, akafanya muhula mmoja, akaaga. Mzee wetu Ali Hassan Mwinyi alikuwa maarufu kwa mazoezi. Alifariki Februari 2024 akiwa na miaka 98. Kwa afya ile angeweza kutuongoza kwa miongo miwili zaidi na pushapu juu. Alitoka Ikulu mwaka 1995 akiwa na 70, na kilichomtoa hakikuwa goti, ilikuwa kalenda.

Hapa niwaambie jambo ambalo kwenye barua ya maombi ya kazi mtu haandiki.

Mwaka wangu wa mwisho darasani nilianza kuwaita watoto majina ya baba zao. Kijiji kidogo, nimefundisha baba, nimefundisha mtoto, sura ni ile ile. Nikisimama mbele ya mtoto wa darasa la nne, namwona baba yake wa mwaka 1994, natamka jina lake, na ulimi hauoni kosa. Kulikuwa na binti mmoja dawati la mbele. Kila nilipomnyooshea mtu kidole, yeye ananong'ona jina sahihi kabla sijafungua mdomo: "Ni Asifiwe, Mwalimu." Mimi nalipokea, naendelea na somo. Niliamini kabisa kwamba nakumbuka. Mkaguzi alikuja, akakaa nyuma kipindi kizima, akaandika kuwa mwalimu anawajua wanafunzi wake mmoja mmoja. Nilikuja kugundua siku binti alipougua malaria. Nilisimama pale nimenyoosha kidole, darasa limenyamaza, na mimi sina jina hata moja.

Yule mtoto hakuwa na nia mbaya. Alinipenda. Na nilikuwa nampa chaki za rangi.

Kwa hiyo nikisikia kwamba mkuu fulani yuko imara, swali langu halihusu pushapu. Nataka kujua nani amekaa dawati la mbele, na anapewa chaki ngapi. Wamarekani nao walikuwa na mnong'onaji wao, mpaka Juni 27, 2024, Joe Biden aliposimama kwenye mdahalo wa Atlanta peke yake, dawati la mbele tupu. Mwezi haukwisha, Julai 21 akajitoa, akiwa na miaka 81. Aliyebaki ulingoni alikuwa na 78, akashinda, akawa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliowahi kuapishwa kushika urais wa nchi hiyo. Nayo katiba yao imeandika 35 ya chini, ya juu hawajaandika.

Najua mtaniambia katiba yenu ina dawa. Nimeisoma Ibara ya 107. Rais aweza kuondolewa kwa kushindwa kazi kimwili au kiakili: theluthi moja ya wabunge watie saini, Jaji Mkuu aunde jopo la madaktari bingwa watano, wampime, kisha ninyi mpige kura kwa theluthi mbili. Ni ibara nzuri, imeandikwa na mtu aliyewahi kuuguza. Tatizo langu ni dogo: inamtaka binti wa dawati la mbele asimame, mbele ya darasa zima, aseme Mwalimu hatujui majina. Huyo huyo mwenye chaki za rangi mfukoni.

Kameruni wamepata njia rahisi zaidi. Oktoba 2024, Paul Biya alipopotea hadharani kwa wiki kadhaa na watu wakaanza kuulizana, serikali ilipiga marufuku vyombo vya habari kujadili afya ya rais. Mwaka uliofuata akatangazwa mshindi akiwa na miaka 92, muhula wa miaka saba. Algeria nako, Abdelaziz Bouteflika alipokuwa hawezi tena kusimama, sherehe zilifanyika na picha yake kwenye fremu. Watu waliipa heshima, hata zawadi iliwahi kukabidhiwa kwa picha. Msidhani nawacheka. Picha haina presha na haisomi hotuba ya mwezi uliopita.

Baada ya maelezo hayo, waheshimiwa, ninaomba yafuatayo. Kwanza mkasi, kwa wiki moja tu, nikate 60 kwenye faili langu na F kwenye cheti changu. Nikishindwa kuupata, basi naomba mnipe nafasi ya ulinzi kwenye lango la Bunge lenu, kwa sababu nimesikia watu waliovaa kiraia huingia humo bila kuulizwa. Na kama hilo nalo ni gumu, ninaomba ile orodha ya yule kijana wa duka la saruji, barua ya mwenyekiti wa mtaa, wadhamini wawili, presha, sukari, kifua na zile herufi ukutani, iambatanishwe na fomu ya milioni 20. Karatasi ya fomu haitaongezeka hata moja. Nimeshawaambia, nyuma ni peupe.

Binti wa dawati la mbele sasa yuko sekondari. Juzi alipita hapa, nikampa barua hii aisome kabla sijaifunga kwenye bahasha, athibitishe kwamba siyo ile ile niliyowaandikia Agosti. Alisoma mpaka mwisho, akasema iko sawa, Mwalimu.

Nilimwangalia usoni muda mrefu.

Wenu katika ujenzi wa taifa (la jirani),

Mwalimu Mstaafu,
Missenyi, Kagera.