Barua ya Wazi kwa Hazina ya Taifa: Pongezi kwa Kuweka Akiba ya Haki

Kwa Hazina ya Taifa ya Jamhuri ya Kenya, Nairobi.

MINTARAFU: MAFANIKIO YA SERA YA KUBANA MATUMIZI KATIKA IDARA YA MAHAKAMA

Kwa kuwa barua nyingi zinazoifikia Hazina ni za madai, malalamiko na vitisho vya mgomo, huenda hii ikakosa jalada la kuwekwa, maana ni barua ya pongezi. Madhumuni yake ni kutambua rasmi juhudi za Hazina za kukuza subira miongoni mwa wananchi, juhudi zinazotekelezwa kila mwaka wa fedha kwa kuitengea Idara ya Mahakama, ambayo kikatiba ni mmoja wa mihimili mitatu ya dola, fungu lisilofika asilimia 1 ya bajeti ya taifa. Mhimili unaoweza kusimama kwa fedha kidogo kiasi hicho ni fahari kwa taifa lolote, na inashangaza kwamba Bunge na Ofisi ya Rais bado hazijaomba kuonja uhondo huo.

Wakosoaji wa Hazina hupenda kurejelea Kifungu cha 159 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachoagiza kwamba haki isicheleweshwe, pamoja na Kifungu cha 50, kinachompa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika pasipo kuchelewa kusikokuwa na sababu ya maana. Wakosoaji hao husahau kwamba vifungu hivyo havikutaja idadi ya siku. Katiba ilipotaka kutaja siku ilizitaja: Kifungu cha 140 kinaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu za kusikiliza na kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais, na Kifungu cha 105 kinaipa Mahakama Kuu miezi sita kwa kesi za ubunge. Muda huo hutimizwa, majaji hukesha, makarani huandaa maelfu ya kurasa, na hakuna aliyewahi kusikia kwamba kesi ya urais imeahirishwa kwa sababu wino wa kuchapia umekwisha. Ni wazi, basi, kwamba nchi inaujua vyema ufundi wa kuhukumu haraka, na kwamba ufundi huo umehifadhiwa kwa busara kubwa kwa ajili ya wanaogombea viti, ilhali anayegombea robo ekari aliyoachiwa na babake anaachiwa nafasi ya kutosha ya kutafakari.

Namna tafakuri hiyo inavyoendeshwa inastahili kuelezwa kwa kirefu. Kesi ya shamba ikishasajiliwa, kwanza hupangiwa siku ya kutajwa, yaani siku ambayo wahusika hufika mbele ya hakimu au msajili ili waulizwe kama wako tayari, na wakisema wako tayari hupewa siku nyingine ya kutajwa, au, wakibahatika, siku ya kusikilizwa. Siku hiyo ya kusikilizwa inapofika, hutokea kwamba jaji amehamishwa na mrithi wake hajateuliwa, au orodha ya kesi za siku ni ndefu kuliko saa za mchana, au faili halionekani, na kesi ikaahirishwa. Nauli ya mashahidi, ada ya wakili na kibarua kilichopotea siku hiyo havionekani popote katika vitabu vya Hazina, na hapo ndipo penye ustadi wenyewe: shilingi isiyotumika kumwajiri hakimu haikuokolewa, imehamishiwa tu mfukoni mwa mlalamikaji, ambaye hutozwa bila mswada wa fedha na bila maandamano. Mshtakiwa aliyeshindwa kulipa dhamana naye hukaa rumande akila na kulindwa kwa fedha za umma, lakini kwa kuwa gharama hiyo iko chini ya fungu la Magereza, Mahakama huhesabiwa kuwa imebana matumizi.

Sheria zenyewe zimeisaidia Hazina kupunguza mrundikano. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zinaeleza, katika Amri ya 17, kwamba kesi isiyochukuliwa hatua yoyote kwa mwaka mmoja inaweza kutolewa ilani ya kuonyesha kwa nini isitupiliwe mbali, na katika Amri ya 24, kwamba mlalamikaji akifariki na warithi wake wasiombe kuchukua nafasi yake ndani ya mwaka mmoja, kesi hukoma. Hivyo basi, pale serikali inaposhindwa kumleta jaji, mauti huweza kufika na kumaliza shauri bila kudai mshahara wala marupurupu.

Lipo pia suala la Mfuko wa Mahakama, uliowekwa na Kifungu cha 173 ili fedha za Mahakama, zikishaidhinishwa na Bunge la Taifa, zilipwe moja kwa moja bila kupitia mkononi mwa Hazina. Sheria ya kuutekeleza ilipitishwa mwaka 2016 na Mfuko ukaanza kufanya kazi Julai 2022, miaka 12 baada ya Katiba kuzinduliwa. Mfuko wa kuondoa ucheleweshaji wa kesi ulikuwa wenyewe mhanga wa ucheleweshaji, jambo linaloonyesha kwamba katika suala hili hakuna upendeleo. Hata ulipoanza, mazoea ya Hazina kutangaza ukomo wa matumizi, yaani kiwango ambacho kila idara haipaswi kukivuka inapoandaa makadirio, hayakukoma, na Msajili Mkuu wa Mahakama ameendelea kushona suti kwa kitambaa cha kaptura.

Katika suala la watumishi, Hazina haikufanya kazi peke yake. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majina 41 ya watu wa kuteuliwa majaji. Rais Uhuru Kenyatta aliteua 34 Juni 2021, mmoja akiwa ameshafariki, na sita waliobaki wakateuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Novemba mwaka huo huo wa 2019, Jaji Mkuu David Maraga aliwaeleza wanahabari kwamba fedha zilikuwa zimepunguzwa mwaka wa fedha ukiendelea, na kwamba mahakama tembezi, zile ambazo hakimu huwafuata wananchi wa maeneo ya mbali badala ya wao kumfuata, zingesimama pamoja na huduma ya intaneti mahakamani. Miezi minane baadaye, Julai 2020, uwasilishaji wa kesi kwa njia ya intaneti ulianzishwa Nairobi.

Jambo linalohitaji tahadhari kidogo, na linatajwa hapa kwa heshima zote, ni kwamba serikali ni mdaiwa wa kudumu katika mahakama hizo hizo. Inashtakiwa kwa fidia ya ardhi, kwa wanakandarasi wasiolipwa na kwa mateso ya polisi, na hata ikishindwa, Sheria ya Mashauri ya Serikali hairuhusu mali yake kukamatwa ili deni lilipwe. Mdaiwa anayeamua hakimu wake apewe wasaidizi wangapi ana kila sababu ya kuona wasaidizi hao wametosha. Hata hivyo, mpango huo una dosari moja ambayo huenda wachumi wa Hazina hawajaiona: migogoro ya kodi nayo hukaa mahakamani, na kila mwaka unaopita bila hukumu ni mwaka ambao Hazina inakopa, kwa riba, fedha ambazo huenda tayari ni zake.

Iwapo Hazina inataka kujua matokeo ya njia nyingine, itazame Mahakama ya Madai Madogo, iliyozinduliwa Milimani Aprili 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Wenye maduka na wakopeshaji wadogo waliikimbilia mara moja. Mwenye dai la shilingi milioni 1 na laki moja bado anasubiri kwingineko.

Makadirio ya matumizi ya Mahakama hutakiwa kufika Bunge la Taifa kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka, yakiwasilishwa na Msajili Mkuu wa Mahakama, si na Hazina. Hazina inaombwa, kwa mara hii moja, isiyaguse.