Simba wa Elfu Mbili

Chukua noti ya shilingi 2,000. Kama huna, azima kwa jirani. Mtazame huyo simba, kisha sogeza jicho mpaka pua iguse noti. Simba hayupo tena. Kuna vistari na nukta tu, vimesongamana penye giza, vimeachana penye mwanga. Pitisha kidole usikie inavyokwaruza. Wino umevimba hivyo kwa sababu ulitoka ndani ya mifereji iliyochimbwa kwenye bamba la chuma.

Mimi niligundua haya ndani ya daladala, tumekwama foleni, konda kanikodolea macho anasubiri nauli. Nikajisemea: kumbe simba mzima ni nukta! Nani asiyejua kutia nukta?

Miezi minne imepita. Asiyejua ni mimi.

Nilikwenda kwa mzee mmoja sonara, anayenakshi bangili tangu sijazaliwa. Nikampa shikamoo, nikamweleza kwamba nataka kuchora simba kwenye shaba, mwenye vivuli, manyoya yahesabike. Akanitazama kama daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe kwanza. "Mwanangu," akasema, "kanoe."

Nilidhani ni utani. Nimenoa tindo mpaka watoto wakanihesabu miongoni mwa mafundi visu wa mtaani. Tindo yenyewe ni kijichuma chembamba chenye mpini wa kichwa kama uyoga, unaotua kiganjani. Hakuna nyundo, unasukuma kwa kiganja. Vitabu vinataka uso wake ulale nyuzi 45 na kingo mbili zikutane kwa nyuzi 120. Haya naambiwa mimi, ambaye mwalimu wa hesabu alinishauri niijaribu Jiografia! Kujua kama imekolea, unaigusisha kwenye ukucha wa gumba. Ikinasa, ni kali. Ikiteleza, rudi kwenye kinoo. Yangu iliteleza wiki tatu. Siku iliponasa, ilinasa kwenye nyama.

Haya, tuseme umenoa. Kibamba cha shaba unakiweka juu ya kimfuko cha ngozi kilichojaa mchanga, maana ukitaka kupinda mstari huzungushi mkono, unazungusha shaba. Mkono wangu wa kulia haujapata habari hizo mpaka leo. Mstari ulitakiwa kuzunguka sikio la simba, ukapitiliza ukatoka nje ya bamba, na safari ikaishia kwenye meza ya kulia chakula. Mama watoto alikuja, akapitisha kidole kwenye ule mfereji, akauliza kwa upole unaotisha, "Na hii pia ni ya simba?"

Halafu kuna hao wa Ulaya wanaomkatisha mtu tamaa. Kule Gardone Val Trompia, Italia, mafundi wanachora ndege na mbwa wa kuwinda kwenye vyuma vya bunduki kwa nukta ndogo hivi kwamba ungedhani ni picha ya kamera. Na Mfaransa mmoja, Claude Mellan, mwaka 1649 alichora uso wa Yesu kwa mstari mmoja tu. Alianzia ncha ya pua, akauzungusha kama mkeka wa duara unavyosukwa, akiunenepesha penye kivuli na kuukondesha penye nuru. Mstari mmoja! Mimi wangu mmoja umefika mezani.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba shaba haina kifutio. Mwanga hauchorwi. Mwanga ni pale ulipoizuia tindo yako. Ukizidisha nukta moja kwenye shavu, dawa rahisi ni kuongeza giza kando yake ili ile ya kwanza ionekane ilikusudiwa. Nikaongeza. Upande wa pili ukawa mweupe mno, nikausawazisha. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu, na kwa tochi shaba hudanganya. Ukiinamisha bamba huku, kivuli kinang'aa, ukiinamisha kule, mng'ao unakuwa kivuli. Umeme uliporudi, manyoya ya shingoni yalikuwa yameshapanda mpaka mashavuni.

Nikachukua masizi ya sufuria, nikachanganya na mafuta, nikapaka na kufuta ili picha itokee. Ikatokea. Jicho moja kali, jingine linasinzia. Ndevu nyingi. Na sura ya mtu anayedai deni.

Nilikuwa nakificha kibamba chini ya gazeti mama mkwe alipoingia. Akakiwahi. Akakisogeza mbali na macho, akakikaribisha, akakaa kimya. Kisha akashika kifua.

"Mashaallah, mwanangu. Umemkumbuka mzee wako!"

Marehemu baba mkwe, nakumbuka, alikuwa na ndevu, na jicho moja alilifumba kidogo kila nilipoongea. Mama watoto akachungulia, akafuta chozi kwa ncha ya khanga, na habari ya meza ikaisha hapo hapo. Mimi nifanye nini? Nikasema, "Ndiyo, mama."

Sasa kinaning'inia sebuleni, juu ya televisheni, na wageni wakija huonyeshwa kwanza. Shangazi wa Tanga naye ametuma salamu kwamba anataka cha kwake, cha marehemu huyo huyo. Ila wa kwake, amesisitiza, awe anacheka na meno yaonekane.

Meno, ndugu msomaji! Meno ni shaba isiyoguswa.