Mtoto wa Nani Wewe? Namna ya Kulinda Nyumba Usiku wa Halloween

Sahau kwanza yote uliyojifunza Kigoma. Ule ukuta uliopandwa vipande vya chupa, geti la chuma, kufuli mbili, kibao cha "Mbwa Mkali" ambacho kimeishi kuliko mbwa mwenyewe: hapa Des Moines, jimbo la Iowa, hakuna hata kimoja. Nyasi zako zinaanzia kwa jirani, mlango wa mbele una kioo, na mwisho wa Oktoba mji mzima unakutaka uwashe taa ya barazani ili wageni waliofunika nyuso wasikose njia.

Taa ndiyo lugha ya usiku huo. Ikiwaka, umesema karibu. Ikizimwa, umesema hayupo mtu, na watoto wastaarabu watapita. Wasio wastaarabu, ambao kwa kawaida wameshaanza kuota ndevu, huenda wakarudi baadaye na trei ya mayai, au na karatasi za chooni za kuuvalisha mti wako. Yai likikauka ukutani linang'ang'ania rangi. Lioshe usiku huohuo, huku ukiwasema kwa lugha wasiyoijua.

Mtoto akifika mlangoni kutafuta pipi hapigi hodi. Anatamka maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni "nipe kitu, la sivyo nakufanyia kitu". Usishtuke. Aliyewahi kupanda basi akamwona kondakta anashuka kwenye kizuizi cha polisi na noti iliyokunjwa kiganjani anaielewa lugha hiyo vizuri sana. Tofauti ni kwamba hapa bei inajulikana, na mtozaji anasema asante.

Mji huu nao ulifika mahali ukachoka. Baada ya vijana kufanya uharibifu mwingi kwenye Halloween ya 1938, ukabuniwa Usiku wa Ombaomba: watoto walitakiwa kupita tarehe 30, siku moja kabla, na anayetaka pipi aimbe au atoe kichekesho kwanza. Vichekesho vyenyewe ni vya mifupa na mizuka, vimejengwa juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti, na ukijaribu kuvitafsiri vinakufa mikononi. Wewe cheka tu. Detroit walichelewa kupata dawa. Kwao tarehe 30 iliitwa Usiku wa Shetani, na mwaka 1984, katika siku hizo za Halloween, mji ule uliwaka mioto zaidi ya 800. Miaka ya tisini maelfu ya wakazi wakajitolea kuzunguka mitaani usiku kulinda majumba. Wao waliuita Usiku wa Malaika. Sisi tungesema sungusungu, na tungewapa filimbi.

Kuhusu chakula: usipike. Najua mandazi yako yanasifiwa kanisa zima, lakini mama wa Kimarekani atayatupa kabla hajafika kona. Anakumbuka habari ya Deer Park, Texas, mwaka 1974, mtoto alipokufa kwa pipi iliyotiwa sianidi. (Aliyeitia ni baba yake mzazi, akiwinda fedha za bima; mwanasosholojia Joel Best amefuatilia visa hivi kwa miongo mingi na hajathibitisha hata kimoja cha mtu baki kuua mtoto kwa pipi za Halloween. Usimweleze mama huyo haya yote mlangoni, foleni ni ndefu.) Toa pipi za dukani zilizofungwa. Karanga ziache, maana wapo watoto ambao punje moja inawapeleka hospitali. Ukiona boga limepakwa rangi ya buluu-kijani, ujue nyumba hiyo inagawa hata vitu visivyoliwa, kama penseli.

Na hapa niruhusu nililie boga. Sisi tunalichemsha kwa nazi, majani yake tunayaunga, mbegu tunazikaanga. Hawa wanalitoboa macho, wanaliwekea mshumaa, kisha wanaliacha lioze ngazini mpaka kindi wamalize kazi. Ukilazimika kuwaiga, weka mshumaa wa betri, kwa sababu nguo za mizuka za bei rahisi hushika moto haraka. Nyama ya ndani ipeleke jikoni kimyakimya. Na jioni hiyo usimpigie mama simu ya video: akiona mifupa ya plastiki ya futi 12 kwenye bustani ya jirani, ataanza kufunga na kuomba, na wewe utarudishwa nyumbani kwa nauli ya mchango.

Sasa bakuli la pipi. Kuna watu huliacha nje na karatasi, "Chukua moja", wakaingia ndani kutazama mpira. Hawajasoma utafiti uliochapishwa mwaka 1976, wa nyumba 27 za Seattle na watoto zaidi ya 1,300. Watoto waliambiwa wachukue pipi moja, wakaachwa na bakuli huku mtu amejificha anawahesabu. Waliofika kikundi bila kuulizwa majina, asilimia 57 walizidisha. Waliofika peke yao wakaulizwa jina na wanakokaa, asilimia 8. Wanasayansi wazima walitumia gharama zote hizo kugundua swali ambalo bibi yangu aliliuliza bure kila siku kwenye mwembe wake: mtoto wa nani wewe?

Kwa hiyo kamera ya mlangoni sijanunua. Mwaka jana, karibu saa mbili usiku, nikiwa nimenyoosha mkono kuzima taa, alifika mzuka mmoja mrefu kuliko mlango, kajifunika shuka jeupe, kashika foronya. Kichekesho hakutoa. Akatumbukiza mkono bakulini, ukatoka umejaa.

"Mtoto wa nani wewe?" nikauliza, kwa Kiswahili, kwa mazoea tu.

Shuka likatulia. Kisha kutoka ndani ikaja sauti nzito ya kubalehe: "Shikamoo, mama." Akaanza kurudisha chokoleti bakulini, moja moja.